Ubatizo wa Tabu, Msuka Makuti

Mwinjilisti Revelian alihubiri Temeke miaka tisa akapata mtu mmoja. Mmoja tu, na huyo mmoja sisi wazee wa kanisa tukamkataa. Naanza na hilo kwa makusudi. Wako vijana wainjilisti wanaokuja barazani kwangu siku za Jumamosi, nyuso zimewashuka, wanasema wamehubiri miezi sita na hakuna aliyewasikiliza ila kuku, heri warudi kwao wakalime. Nawapa chai. Nawaacha waseme mpaka waishiwe, kisha nawasimulia habari za Tabu, msuka makuti. Si habari ya kuchekesha, na mimi mwenyewe ndani yake sina sura ya kujivunia.

Naitwa Theonest, mzaliwa wa Bukoba. Nilikuja Dar es Salaam mwaka 1931 nikapata ukarani katika ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, la Bwana Remtulla, na kwa kuwa mjini hapakuwa na chumba cha mtu kama mimi, nikapanga Temeke. Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi na mihogo, na nyumba za udongo za Wazaramo zimetawanyika katikati. Sisi Wakristo wa bara tulikuwa wachache: makarani, wapishi wa Wazungu, mwalimu mmoja. Tulijenga kanisa la miti na udongo lenye benchi sita, tukaomba mwinjilisti, na misheni ikatuletea Revelian na mkewe Kokushubila, nao wa kwetu Bukoba. Mimi nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa na mwandishi wa baraza kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Sifa nyingine sikuwa nayo, ingawa mwenyewe nilidhani ninazo tele.

Revelian hakuwa msemaji. Alikuwa mfupi, sauti yake ya puani, na alihubiri kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: pita hapa, kisha pale, usiogope, utafika. Kila alasiri alikwenda nyumba kwa nyumba. Watu walimpokea kwa adabu, wakampa kiti, wakamsikiliza hadi mwisho, wakamsindikiza hadi njiani. Hakuna aliyemfuata. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tano hivyo. Mzee Gaspar, mwenyekiti wetu, alizoea kumtania Jumapili mbele ya watu, “Haya Mwalimu, wiki hii umevua wangapi?” Nasi tukacheka. Revelian naye alicheka. Kokushubila hakucheka.

Tabu alikuja mwaka 1940 kwa sababu paa la kanisa lilikuwa linavuja. Alikuwa Mzaramo wa Chanika, umri wake yapata hamsini, anaishi peke yake karibu na kisima. Mama yake alifariki akimzaa. Akalelewa nyumba hii na ile, akaolewa, akaachwa kwa kukosa mtoto. Tulimwagiza makuti, akayaleta Jumapili ibada ikiendelea, akaketi nje penye kivuli cha ukuta huku anaendelea kusuka. Revelian alikuwa akieleza habari za Yesu na yule mtu aliyepooza. Alipomaliza tu, Tabu akaingiza kichwa dirishani.

“Mwalimu, huyo mtu unayemsema, bado yupo, au ni habari za kale?”

Benchi zote zikaangua kicheko. Revelian alitoka nje akaenda kuketi naye chini, palepale kwenye makuti.

“Yupo,” akasema.

“Basi nieleze vizuri. Mie sina haraka, makuti yenyewe hayajaisha.”

Tangu siku hiyo Tabu akaingia darasa la ubatizo. Ndugu zake wa Chanika, Waislamu wazuri, walimshangaa, wakamsema kidogo, kisha wakamwacha na yake. Shida haikutoka kwao. Shida ilitoka kwetu.

Kanisani kwetu mtu hakubatizwa kwa kutaka tu. Ilimpasa asimame mbele ya wazee akariri kitabu chote cha maswali na majibu, neno kwa neno. Kitabu nilikishika mimi. Nilifuata mstari kwa kidole, na neno likikosekana niligonga meza kwa penseli. Tabu hakujua kusoma, na maneno ya watu wengine hayakukaa kichwani mwake hata ungeyapigilia misumari. Katika mtihani wa kwanza nilimwuliza, “Maana yake nini kusema, Namwamini Mungu Baba, muumba wangu?”

Alifikiri kidogo. “Maana yake, siku niliyozaliwa watu wote walikuwa wanamlilia mama. Mie hakuna aliyenitazama. Yeye alinitazama.”

Revelian alifumba macho. Mimi nilitazama kitabuni, maneno hayo hayakuwamo, nikagonga meza. Kwenye daftari la baraza nikaandika: Hakujibu.

Mtihani wa pili ikawa vilevile, na wa tatu, na wa nne. Revelian alitusihi mpaka akaonekana anatuomba kitu cha tumbo lake. Gaspar alisema, “Tukimpitisha huyu kwa maneno yake, kesho kila mtu ataleta ya kwake.” Na aliyemuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Sisi tulikariri kitabu kile kwa fimbo, utotoni, na nadhani iliniuma kuona mtu anataka kuingia bila kuchapwa. Baraza likaamua angoje mwaka mwingine.

Wakati huo vita ya Hitla ilikuwa imepamba moto. Wamisionari wetu walikuwa Wajerumani, serikali ikawakamata, na sehemu zote za kwetu zikabaki na mchungaji mmoja Mwafrika aliyezunguka kwa baiskeli. Tulimwona mara tatu kwa mwaka, akija amechakaa kwa jua na mavumbi.

Mwaka 1943 ukaingia ugonjwa wa ndui. Wagonjwa wa upande wetu walipelekwa katika kambi iliyojengwa porini, njia ya Chanika: vibanda vya makuti vimezungushiwa kamba, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuivuka. Tabu alichukuliwa mwezi wa tatu. Habari zikatufikia kwamba wagonjwa ni wengi, wahudumu ni wawili, watu wanakufa wakiomba maji. Revelian aliaga mkewe, akavuka kamba, akawa mhudumu wa tatu. Hakutuuliza sisi wazee. Angetuuliza, tungeitisha kikao.

Jumapili iliyofuata nilitumwa na baraza kupeleka unga na maharage. Niliweka mzigo penye kamba, nikarudi nyuma hatua kumi kama ilivyoamriwa. Revelian akatoka. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

“Theonest,” akaniita, “nimembatiza Tabu. Jana asubuhi. Hali yake mbaya, pengine kesho haifiki. Umesikia kinywani mwangu, nawe ni mzee wa kanisa. Mwandikie mchungaji.”

Hapa nieleze. Utaratibu wetu ulimruhusu Mkristo yeyote kumbatiza mtu aliye kufani ikiwa mchungaji yuko mbali, mradi awepo shahidi Mkristo, au aliyebatiza atoe taarifa kwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo pale pale, kwa kusikia tu, mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Nililijua hilo vizuri. Taratibu zote nilizinakili kwa mkono wangu. Lakini hasira ilinipanda mpaka kooni.

“Baraza lilisema angoje,” nikamwambia.

“Ndui haikuhudhuria baraza.”

“Umetupita, Mwalimu. Umetufanya si kitu.”

“Andika tu, ndugu yangu. Nikitoka humu utanikemea upendavyo.”

Nikampa mgongo nikaondoka bila kwaheri. Nyumbani nilitoa karatasi, nikachovya kalamu, kisha nikaifuta nikairudisha. Nilijisemea, na atoke kwanza, ajibu mbele ya wazee, ndipo niandike. Siku ya kumi na saba tukaletewa habari kwamba Revelian naye ndui ilimkamata, amekufa, amezikwa kambini. Hatukuruhusiwa hata kwenda kuimba.

Kokushubila alikuja kwangu amejifunga kanga nyeusi. “Wewe ndiye wa mwisho wa kwetu kumwona,” akasema. “Hakuniachia neno?”

“Alikusalimu,” nikasema. Hakumsalimu. Hakupata nafasi, maana nilikuwa nimeshaondoka. Mama wa watu akanishukuru, akarudi Bukoba, na sikumwona tena.

Tabu hakufa. Alitoka kambini baada ya miezi miwili, uso umeharibika, macho yote mawili yamepofuka. Mchungaji alipofika, Tabu aliletwa mbele ya baraza akiwa ameshikwa mkono, akasema amekwisha batizwa na Mwalimu Revelian. Mchungaji akauliza shahidi ni nani. Wakristo waliolala naye kibanda kimoja walikuwa wawili, na wote walikufa.

Ndipo akasimama mtu mlangoni, Salumu, mhudumu wa kambi, ametembea kwa miguu kutoka Chanika bila kuitwa na mtu. “Mie dini yangu nyingine,” akasema, “lakini nilichokiona nimekiona. Alimmwagia maji kichwani mara tatu kwa kopo langu, akataja Baba, Mwana na Roho. Naapa kwa Mungu.” Gaspar alimshukuru, akaagiza apewe chai, kisha akatukumbusha kwamba shahidi lazima awe Mkristo. Salumu alikunywa chai yake kimya, akarudi maili zake zote.

Mchungaji akatutazama mmoja mmoja. “Hakuna mzee aliyepewa taarifa?”

Niliinamia daftari langu. Na kwa kuwa mwandishi ni mimi, niliandika kwa mwandiko wangu ule mzuri: Hakuna.

“Si neno, mama,” mchungaji akasema kwa upole. “Nitakubatiza mimi mwenyewe leo, bila mtihani.”

Nikapumua. Niliona mambo yamekwisha, na hakuna aliyeumia. Lakini Tabu alitikisa kichwa. “Nashukuru, baba. Ila nikikubali maji mengine, nitakuwa nimesema Mwalimu hakufanya kitu. Yule alikufa kwa kutufuata mle ndani. Siwezi.”

Hivyo akabaki mwanafunzi. Mwanafunzi wa ubatizo, kipofu, mwenye miaka zaidi ya hamsini, kati ya wasichana na vijana. Na kanisani kwetu ilikuwa desturi, siku ya chakula cha Bwana, wanafunzi watoke nje na mlango ufungwe. Tabu alitoka akipapasa ukuta, akasimama nje na wenzake. Mlango niliufunga mimi, nikarudi kuishika sahani ya mkate. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja. Mtu akiniuliza ilikuwaje nikaweza kumeza, sina jibu. Kila mwezi uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa ningetakiwa kueleza na kunyamaza kwenyewe.

Kusuka makuti hakuhitaji macho. Watu walikwenda kwake kununua, wakamkuta anasuka, naye aliwasimulia habari kwa maneno yake mwenyewe, yale ambayo mimi niliyagongea meza. Hakuwafuata nyumbani, hakuwabishia, hakusema dini ya mtu ni mbaya. Alianza na makuti akamaliza na Yesu, na akiona mtu amechoka alinyamaza. Wa kwanza kuja alikuwa Marijani, fundi wa kuezeka, jitu la miraba minne lililokuwa likipigana vilabuni. Akaja Benedicta, mke wa askari, aliyekuwa ameacha kanisa kwa aibu. Wakaja wengine. Aliwaleta darasani akiwa yeye bado yumo darasani. Wakafaulu, wakabatizwa, wakamwacha pale pale. Kufikia mwaka 1954 walikuwa karibu thelathini, na benchi sita hazikutosha tena. Nyie mnaohesabu matunda ya miezi sita, lisikilizeni hili: Revelian alikwenda kaburini anajua amepata mtu mmoja, tena aliyekuwa akikata roho. Mie ningekufa kwa uchungu. Yeye, Salumu alinieleza baadaye, alikufa akiuliza kama wagonjwa wamepewa uji.

Mwezi wa nane mwaka huo wa 1954 Tabu alishikwa na kifua, akashindwa kuinuka. Nilisikia Jumatatu. Jumatano, baada ya kazi, nilijikuta nimesimama mlangoni kwake na miguu haitaki kuingia wala kuondoka.

“Ingia, karani,” akasema kutoka ndani. Alinijua kwa kikohozi changu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nilianza na habari za dawa, nikaenda kwenye mvua, nikaishiwa. Basi nikapiga moyo konde. “Mama, Revelian aliniambia. Siku ile penye kamba, aliniambia amekubatiza, niandike. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii.”

“Najua,” akasema.

“Unajua?”

“Alirudi kibandani akaniambia, tulia Tabu, nimemwambia Theonest, ataandika. Nikatulia.”

Nikakaa chini kwenye udongo. “Mbona hukusema barazani? Ungelitaja jina langu tu.”

“Ningelitaja, ungekana.” Alikohoa kwa muda mrefu, nikamshikia kikombe cha maji. “Ulikuwa kijana wa kiburi wewe. Ungekana mbele ya mchungaji, na mtu akishakana mbele ya watu, kurudi ni kazi. Nikasema, huyu nimwache, nimwombee. Marijani alinichukua siku mbili. Benedicta mwezi mmoja. Wewe umenichukua miaka kumi na moja. Nilishaanza kuogopa kwamba nitakufa hujaja.”

Nililia kwa sauti, mtu mzima, baba wa watoto watano. Aliniacha nilie. Kisha akasema, “Basi, imetosha. Jumapili ukaseme.”

Hakuifikia Jumapili. Alifariki Ijumaa asubuhi.

Uani kwake tulikutana pande mbili: sisi wa kanisa upande mmoja, ndugu zake wa Chanika upande wa pili, na jeneza halijaamuliwa liende wapi. Utaratibu wetu haukuruhusu kumzika kikanisa mtu asiyebatizwa. Kaka yake, mzee wa kofia na kanzu aliyeegemea fimbo, alitusogelea.

“Nyie wa kanisa,” akasema, hakupandisha sauti, “miaka kumi na minne ndugu yetu yumo kwenu, na bado mnamwita mwanafunzi. Sasa tuambieni. Huyu wenu au wetu? Maiti hangoji kikao.”

Gaspar, mzee sasa, alitazama chini. Wale thelathini walikuwa wanatutazama sisi wazee, na Marijani ameuma meno. Nilivua kofia.

“Wetu,” nikasema. “Alibatizwa na Mwalimu Revelian kambini, mwezi wa tatu mwaka 1943. Mwalimu aliniambia mwenyewe. Mimi ndiye shahidi.”

“Umejua tangu lini?” Gaspar akauliza.

“Tangu siku ya pili yake.”

Marijani alikuja mpaka akanisimamia usoni, nikadhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akatema mate chini karibu na mguu wangu, akaenda kushika ncha ya jeneza. Gaspar alikaa juu ya rundo la makuti yaliyokuwa hayajauzwa, akawa anasema peke yake, “Salumu alikuja na kiapo, mie nikampa chai. Nikampa chai.”

Kaka wa Tabu alinitazama kwa muda. Sikuona chuki usoni pake, ila uchovu. “Basi mchukueni,” akasema. “Mmechelewa, lakini mchukueni.” Wakatusaidia kubeba.

Mchungaji alipofika mwezi uliofuata aliniondoa katika uzee wa kanisa, na ilikuwa haki. Sikujitetea. Kisha akafungua kitabu cha ubatizo ukurasa wa mwaka 1943, akapata nafasi ndogo chini kabisa, akaandika: Tabu, wa Chanika, aliyembatiza ni Mwinjilisti Revelian. Mbele yake, kwa wino ule ule, akaandika tarehe ya kufa kwa Tabu. Akanigeuzia kitabu akanipa kalamu. Mwandiko wangu siku hiyo haukuwa mzuri. Niliandika jina langu mahali pa shahidi, na chini yake tarehe ya ile Jumapili niliyoambiwa.